Jina la Kweli na Jina la Kuchezea: Lipi Linalinda Adabu Zetu?



 Tunawashukuru walimu wetu kwa kutupa nafasi katika jarida la mwaka huu. Sisi ni wanafunzi tisa wa darasa la juu, wavulana sita na wasichana watatu, na mada tuliyoichagua inatokana na jambo ambalo hapa madrasa kwetu bado halijaamuliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Katika kikao cha wazee na walimu kilichofanyika kabla ya Ramadhani, mzee mmoja alisimama akaeleza kwamba amesikia matusi yakitoka katika simu ya mwanawe, alipokuwa akicheza gemu na watu asiowajua. Alipouliza wanaotukana ni akina nani, mwanawe alimtajia majina: mmoja anajiita Simba wa Usiku, mwengine Muuaji, na mwengine herufi na nambari tu. Mzee akasema, na wengi wakamuunga mkono, kwamba dawa ni moja. Kila mwanafunzi wa madrasa hii anayecheza michezo ya mtandaoni, na anayeandika katika majukwaa ya wachezaji, atumie majina yake matatu kama yalivyo katika cheti chake cha kuzaliwa. Anayejulikana jina, alisema, huona haya. Kikao hakikupitisha uamuzi. Walimu walitaka kwanza na sisi wanafunzi tuseme letu.

Basi haya ndiyo yetu. Tunayaandika kwa heshima, maana katika kuyachukia matusi hatupishani na wazee wetu hata kidogo. Tunapishana nao juu ya dawa.

HOJA YA WAZEE WETU

Kwanza tuseme wazi kwamba hoja yao ina nguvu, na anayeidharau hakuisikiliza. Sisi sote tumelelewa katika mitaa ambayo mtoto akikosa adabu njiani, habari hufika nyumbani kabla yake. Anayekaa barazani anajulikana ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, na kwao ni wapi. Ulimi wake una walinzi wengi. Mtoto huyo huyo akiingia katika gemu usiku, hakuna amjuaye. Akitukana, aibu haimfikii mama yake. Akiona mambo yamemgeukia, huliacha jina lile akafungua jengine, akarudi kwa mlango wa pili kama mgeni. Na hatari kubwa kuliko matusi ni ya mtu mzima anayejifanya mtoto wa miaka kumi na miwili ili azoweane na watoto. Hayo yapo, wala hayahitaji kutiwa chumvi.

Kwa hivyo swali si kama maradhi yapo au hayapo. Swali ni hili: jina la kweli likiwekwa wazi mbele ya kila mtu, litayatibu? Ndugu msomaji, jambo hili limeshajaribiwa na wenye michezo wenyewe, na limeshajaribiwa na serikali. Matokeo yake yanajulikana, na ni vyema tuyatazame kabla na sisi hatujajaribu juu ya watoto wetu.

SIKU TATU ZA JULAI 2010

Kuna kampuni ya Marekani, katika jimbo la California, iitwayo Blizzard Entertainment. Mwezi wa Novemba 2004 kampuni hiyo ilitoa mchezo wa World of Warcraft, na kufikia mwaka 2010 mchezo huo ulikuwa na wachezaji wa kulipia zaidi ya milioni 11 duniani. Kampuni iliwawekea wachezaji majukwaa ya kuandikiana. Humo waliulizana mbinu, walisifu, walilalamika, na pia walitukanana hadi wenye mchezo wakachoka.

Tarehe 6 Julai 2010 kampuni ikatangaza sheria mpya. Kuanzia katika majukwaa ya mchezo wa StarCraft II, ambao ulitoka tarehe 27 ya mwezi huo huo, kila atakayeandika ataonekana kwa jina lake la kwanza na jina lake la ukoo. Baadaye sheria hiyo ingefika katika World of Warcraft. Sababu waliyoitoa ni ile ile ya mzee wetu: pazia likiondolewa, watu watajiheshimu.

Wachezaji wakaja juu. Ujumbe wa kupinga ukamiminika kwa maelfu, wala hawakuwa watukanaji peke yao. Wanawake walisema jina lao likionekana hawatapata raha tena. Wengine walisema mwajiri akilitafuta jina lao mtandaoni atakuta habari za michezo mbele ya kila kitu. Mfanyakazi mmoja wa kampuni, akitaka kuonesha kwamba hakuna cha kuogopwa, aliandika jina lake kamili jukwaani. Iliripotiwa kwamba haukupita muda ila watu wasiomjua walikuwa wameshachimbua na kutangaza nambari yake ya simu, anwani yake na mambo yake mengine ya binafsi. Jina moja tu lilitosha kuwafikisha huko.

Tarehe 9 Julai mkuu wa kampuni, Mike Morhaime, akatangaza kwamba majina ya kweli hayatalazimishwa. Sheria ilidumu siku tatu, kabla hata ya kuanza kufanya kazi.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na hili lililofuata ndilo tunalotaka wazee wetu walizingatie. Mchezo wa Diablo III ulipotoka mwezi wa Mei 2012, kampuni ilikuwa na njia nyengine, waliyoiita BattleTag. Mchezaji huchagua jina moja la kuchezea, likafungwa pamoja na nambari zake, na jina hilo humfuata katika michezo ya kampuni hiyo. Si jina la cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo ni jina lenye kufuatika: sifa yako mbaya katika mchezo mmoja huiachi mlangoni ukiingia katika mchezo wa pili.

KOREA KUSINI NA HAZINA YA MAJINA

Mtu anaweza kusema: basi jina lisionekane na watu wote, liwekwe kwa wenye jukwaa tu. Hilo nalo limejaribiwa. Korea Kusini ni nchi ambayo kucheza gemu kwa ushindani ni kazi inayomlisha mtu, na washindani hucheza ukumbini mbele ya umati kama mechi ya mpira. Mwaka 2007 serikali yake iliweka sheria kwamba mtandao wowote wenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku uthibitishe mtu ni nani hasa kabla hajaandika maoni yake. Mwaka 2009 kiwango hicho kikashushwa hadi wageni 100,000. Uthibitisho wenyewe ulifanywa kwa nambari ya usajili wa mkaazi, yenye tarakimu 13, ambayo wakati huo mtu alikaa nayo umri wake wote.

Sasa fikiri, ndugu msomaji: majina ya kweli na nambari za mamilioni ya watu zimekusanywa mahali pamoja. Hazina kama hiyo wezi huiacha? Mwezi wa Julai 2011 wahalifu waliingia katika kompyuta za kampuni iliyokuwa na mitandao ya Nate na Cyworld, wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35, katika nchi yenye watu kama milioni 50. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria ile, majaji wote kwa kauli moja. Mahakama ilisema haikuonekana kwamba maandishi mabaya yamepungua kwa kiasi cha maana, na kwamba watu walikuwa wakihamia mitandao ya nje ambayo sheria haikuifikia.

Sheria ile ililetwa ili kulinda heshima za watu, na mwisho wake ikawapa wezi majina yao. Hatusemi hivyo kwa kubeza. Tunasema ili ijulikane kwamba jina likishatolewa halirudi. Neno la siri likiibiwa utaweka jengine. Jina la baba yako utalibadilisha kwa lipi?

JINA LETU LINASEMA NINI

Kwa Mmarekani jina la kwanza na la ukoo huenda likasema machache. Letu sisi linasema mengi. Majina matatu ya mtoto wa hapa Unguja yanamwambia mtu kwamba huyu ni mvulana au msichana, baba yake fulani, babu yake fulani, na dini yake Uislamu. Mwenye kuijua mitaa yetu akisoma majina hayo atajua na nyumba.

Mmoja wa dada zetu watatu hucheza gemu la mpira kwa simu ya kaka yake, na ni hodari kutushinda sote. Jina lake la kuchezea ni la ndege wa baharini, halisemi kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Kwa miezi mingi alicheza na watu wa mbali kwa amani. Waliomshinda walimpongeza, na aliowashinda walitaka marudiano. Siku moja alifungua kipaza sauti ili aulize jambo la mechi, sauti ikasikika kuwa ni ya msichana. Mmoja akaanza kumuuliza anakaa wapi, wa pili akamtaka picha, wa tatu akasema maneno ambayo hatuwezi kuyaandika humu. Dada yetu akazima, akawafungia wote watatu wasiweze kumfikia tena, akamweleza kaka yake, na kesho yake akaendelea kucheza. Aliweza kuendelea kwa sababu moja: hawakuwa na jina lake. Lau juu ya kichwa cha mchezaji wake pangeandikwa majina matatu, wangemtafuta hadi Facebook, na kutoka hapo hadi skuli yake.

Ndugu zetu wavulana nao hawakusalimika. Wawili kati yetu walikuwa wakicheza kwa majina yao halisi, ya Kiislamu, na mara kwa mara, wakishinda au wakishindwa, wageni wa mbali huwaita magaidi. Hawakumkosea mtu. Jina peke yake lilitosha kumpa mwenye chuki pa kuanzia.

Wala haya si madogo. Mwezi wa Oktoba 2014 Anita Sarkeesian, mwanamke anayejulikana kwa kukosoa namna wanawake wanavyooneshwa katika michezo ya video, alilazimika kuuvunja mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Utah State huko Marekani, baada ya mtu asiyejitaja kutishia kuua watu ukumbini. Wazee wetu watasema: mnaona, aliyetishia alijificha! Ni kweli, na hatulikwepi hilo. Lakini tazameni upande wa pili: aliyetishwa ndiye aliyekuwa akijulikana jina, sura na mahali atakapokuwepo. Sheria ya majina ingemlazimisha nani aseme kweli, yeye au yule?

Na tarehe 28 Disemba 2017, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, mtu asiye na hatia aliuawa na polisi mlangoni pa nyumba yake. Wachezaji wawili wa Call of Duty walikuwa wamegombana juu ya dau la dola moja na nusu. Mmoja akampa mwenzake anwani aliyokuwa amehama, akamwambia kwa ujeuri aje. Mwenzake akamtumia mtu wa tatu, ambaye aliwapigia simu polisi kwa uongo kwamba katika nyumba ile kuna mauaji. Polisi wakaenda na silaha. Aliyefungua mlango hakuwa mchezaji, wala hakuwajua wale. Mwaka 2019 aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Ugomvi wa dola moja na nusu ulipokutana na anwani, ulimtoa roho mtu aliyekuwa nyumbani kwake.

TULIVYOFUNDISHWA KATIKA SOMO LA HADITHI

Kikaoni mzee mwengine alitoa hoja ya kielimu. Alisema elimu ya Hadithi imesimama juu ya majina, na asiyetaja jina hapokelewi. Ni hoja nzito. Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, ameeleza, kama ilivyopokewa katika utangulizi wa Sahih Muslim, kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizia sanad, na fitna ilipotokea ndipo walipoanza kutaka wapokezi watajwe.

Lakini tukiendelea mbele katika somo hilo hilo, tunakuta mambo mawili. La kwanza, Sahaba aliyepokewa Hadithi nyingi kuliko wote, zaidi ya 5,000, sote tunamjua kwa jina la Abu Hurayra. Hiyo ni kunya, inayotokana na kipaka. Juu ya jina lake hasa wanazuoni wamekhitalifiana, na lililo mashuhuri ni Abdul-Rahman bin Sakhr. Hadithi zake hazikuwekwa kando kwa sababu ya khitilafu hiyo, maana watu walimjua yeye mwenyewe: ukweli wake, hifdhi yake, na watu aliokaa nao.

La pili, wanazuoni wa Hadithi wana mpokezi wanayemwita majhulul-hal. Jina lake linajulikana, na waliopokea kwake wanajulikana, ila hali yake katika uaminifu haikujulikana. Jina analo, na bado kwa wanazuoni wengi riwaya yake haitegemewi peke yake.

Tunachojifunza hapa ni kwamba kinachotafutwa si herufi za jina. Kinachotafutwa ni mtu kuwa na habari inayofuatika: amesema nini jana, amefanya nini mwaka jana, na nani anaweza kumshuhudia. Mchezaji aliyekaa na jina moja la kuchezea kwa miaka mitatu, na wenzake wanamjua kuwa ni mkweli na si mwenye hila, ana cha kupoteza akitukana. Na mwenye majina matatu ya cheti aliyefungua akaunti leo asubuhi, hana.

Kampuni moja ya michezo iliwahi kuifanyia kazi fikra hii. Mwaka 2011 kampuni ya Riot Games, yenye mchezo wa League of Legends, ilianzisha kitu kama mahakama ya wachezaji. Aliyeshitakiwa kwa utovu wa adabu, maneno yake aliyoyaandika ndani ya mechi yaliletwa mbele ya wachezaji wenzake, wakayasoma, wakapiga kura aadhibiwe au asamehewe. Hakuna aliyeulizwa jina la baba yake. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2014, lakini ulionesha kwamba inawezekana kumhukumu mtu kwa maneno yake bila ya kumvua nguo hadharani.

Na kama jina la kweli lingekuwa dawa, Facebook ingekuwa bustani. Sheria yake inataka mtu atumie jina analojulikana nalo katika maisha ya kila siku, na wengi wanatumia, pamoja na picha zao. Nendeni mkasome wanavyoandikiana siku Simba na Yanga zikicheza.

JE, LAKABU SI UONGO?

Wengine wameuliza: Mwislamu atajiitaje jina lisilo lake? Jibu tunalo mitaani kwetu. Ukija mtaani ukamuulizia mtu kwa majina yake matatu, utazungushwa hadi alasiri. Ukimtaja kwa lakabu yake, mtoto mdogo atakupeleka hadi mlangoni. Lakabu si uongo, kwa kuwa hakuna aliyedanganywa nayo. Anayekutana na mchezaji anayeitwa Ndege wa Bahari hadhani kuwa anacheza na ndege.

Uongo upo katika mambo mengine, na hayo tunayakataa pamoja na wazee wetu. Kujiita kwa jina la mtu mwengine aliye hai ili aonekane ni yeye, huo ni uongo. Mtu mzima kujifanya mtoto, au mwanamume kujifanya msichana ili awavute watu, hiyo ni hadaa. Kufungua jina jipya kila ukikosea ili usijulikane, huko ni kukimbia deni. Na kujiita au kuwaita wenzako majina mabaya kumekatazwa, kama tunavyosoma katika Suratul Hujurat, aya ya 11.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu yote, na tunaomba ipimwe. Sheria ya majina matatu itatiiwa na nani? Itatiiwa na watoto wa madrasa, kwa kuwa ndio waliofundishwa kusema kweli. Yule mtu mzima mwenye nia mbaya atajiandika jina la kitoto, nalo litaonekana la kweli kabisa. Kwa hivyo tutakuwa tumewafunua wakweli mbele ya waongo, na mtoto wetu, akiona kwamba yeye ametoa jina lake la kweli, atadhani na mwenzake naye ametoa la kweli. Pazia litakuwa limeondolewa upande mmoja tu.

TUNAYOPENDEKEZA

Tusingependa kukataa bila ya kuleta badala. Tumekaa tisa, tukabishana kwa siku mbili, na haya ndiyo tuliyoafikiana kuyapeleka katika kikao kijacho:

1. Kila mzazi alijue jina la kuchezea la mwanawe, na ajue anacheza gemu gani na jukwaa gani. Mtoto atakayekataa kumtajia mzazi wake jina hilo, asicheze. Kwa njia hii haya anayoitaka mzee wetu itapatikana, maana mtoto atajua kuwa baba au mama anaweza kutazama wakati wowote.

2. Majina hayo yasikusanywe katika daftari moja la madrasa, kama ilivyopendekezwa na baadhi ya wazee. Kila nyumba iweke lake. Yaliyowafika Wakorea yanaweza kutufika hata sisi kwa daftari moja lililosahauliwa dirishani.

3. Mwanafunzi akae na jina moja, lisilo la matusi wala la kuogofya. Asilibadilishe ila kwa sababu ya usalama wake, na mzazi wake awe anajua.

4. Asitoe mtandaoni majina yake matatu, skuli yake, madrasa yake, mtaa wake, nambari ya simu, wala picha akiwa amevaa sare. Na akijua jina la kweli la mwenzake, hiyo ni amana. Atakayelitangaza jina la mwenzake kwa hasira za mchezo, hata kama ameshindwa kwa hila, ahesabiwe kuwa amekosa zaidi kuliko aliyetukana.

5. Anayetukanwa au kuombwa picha asijibizane. Ayahifadhi maneno hayo kama ushahidi, amfungie msemaji, awaarifu wasimamizi wa mchezo, na amweleze mkubwa wake siku ile ile. Nasi tunawaomba wazee wetu jambo moja juu ya hili: mtoto akija kueleza, asinyang'anywe simu kwanza ndipo asikilizwe. Akinyang'anywa, mara ya pili hatokuja kueleza.

Tunajua kwamba haya hayatawazuia watu wa mbali wasitukane. Midomo yao hatuna uwezo nayo. Mzee aliyesimama kikaoni ataendelea kusikia maneno machafu yakitoka katika simu ile, na pengine ataona kwamba tumemletea dawa ndogo. Lakini dawa kubwa aliyoitaka ingemuacha mtukanaji alivyo, na ikamfikisha mpaka mlangoni pa mzee mwenyewe.

Kwa wanafunzi wenzetu tuna neno moja la mwisho. Pazia tulilowatetea hapa ni la kujilinda, na si la kujifichia. Katika Suratu Qaf, aya ya 18, tumesoma kwamba halitamkwi neno ila pana mwenye kuliandika. Mwandishi huyo haandiki kwa lakabu. Basi yule anayesema, "Hapa hanijui mtu," ajiulize amekusudia mtu gani.

Tunawaomba wazee, walimu na wanafunzi wenzetu walete maoni yao kabla ya kikao, kwa maandishi au kwa mdomo, hata kama ni ya kutupinga. Tutayasoma yote.

 

Ni sisi ndugu zenu, wanafunzi tisa wa darasa la juu. Majina yetu matatu matatu anayo maalim mhariri.